Ejo ya Mzee Lyamba

Scola Nyanzala alikuwa amesimama. Ofisi ya Wakili Laurence, pale Nsemulwa mjini Mpanda, ilikuwa na viti vitatu vya wageni, na katika miaka minne ya kumfanyia wakili huyo upelelezi hakuna hata kimoja alichowahi kukipasha joto. Alikuwa askari mpelelezi kwa miaka kumi na moja kabla ya kuacha kazi, na miguu yake ilikuwa bado haijapata habari kwamba ameacha.

"Soma tena," Wakili Laurence alisema.

Scola aliinua karatasi. Yalikuwa maelezo ya Mzee Lyamba, mfugaji wa Litapunga, aliyoyatoa polisi siku alipopeleka mashtaka.

"'Siku ya Alhamisi, tarehe 17 Novemba 2022, asubuhi, nikiwa natafuta maksai wangu wawili waliopotea usiku, Bibi Annonciata aliniambia kwa kinywa chake kwamba jana yake alimwona Libérat akiwa na maksai wawili.'" Akashusha karatasi. "Jana yake."

"Hapo ndipo tutakapoangukia," wakili alisema. "Kesho kutwa, Jumatano, saa tatu."

Aliyekuwa ameketi karibu na mlango, kofia juu ya magoti, alikuwa Libérat mwenyewe. Kwa maneno yale ya Mzee Lyamba alikamatwa jioni ya Alhamisi ileile, akashtakiwa kwa wizi wa mifugo, akakosa wadhamini, akakaa mahabusu miezi kumi na minne. Kisha aliachiwa. Maksai hawajaonekana hadi leo. Sasa yeye ndiye aliyefungua shauri, akimdai Lyamba fidia kwa kumshtaki kwa hila.

"Lakini alishinda kesi ya wizi," Scola alisema. "Kasimu alikwenda mahakamani akaeleza kwamba Libérat alikuwa amekodi maksai wake kwa ajili ya kulima siku ya Ijumaa. Kuna nini tena?"

"Hiyo inamwondolea Libérat wizi. Haimwondolei Lyamba sababu." Wakili Laurence alikuwa mtu mpole, na upole wake ulimkera Scola kuliko kelele za watu wengine. "Sikiliza. Kwamba Libérat alishtakiwa, hakuna anayebisha. Kwamba aliachiwa, hukumu ninayo. Chuki pia tunayo: mwezi mmoja kabla ya hapo, baraza la ardhi lilimpa Libérat ile sehemu ya mbuga ambayo Lyamba alikuwa akipitishia ng'ombe. Ila mtu anaweza kukuchukia na bado akawa na sababu. Hakimu atauliza swali moja: asubuhi ile, kabla hajaingia kituoni, alikuwa na sababu ya msingi ya kuamini kwamba Libérat ni mwizi? Bibi mzima amekwambia, jirani yako nilimwona jana na maksai wawili. Wewe ungekuwa yeye usingekwenda polisi?"

"Ningekwenda mbio."

"Basi."

Libérat alikohoa. Alikuwa mtu wa maneno machache, na Kiswahili chake kilikuwa na ule uzito wa watu waliozaliwa na wazazi wa Kirundi.

"Wakili, mimi fidia siyo inanitoa nyumbani. Siku ile hakimu alisema kuna shaka. Shaka hiyo ndiyo naishi nayo. Kuku wa mtu akipotea Litapunga, wanakuja kuchungulia jikoni kwangu. Mke wangu ameacha kufunga mlango wa jiko, ili wasisumbuke. Nataka hakimu mwingine aseme hakukuwa na kitu. Siyo shaka. Hakukuwa na kitu."

Scola alimtazama kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Bibi Annonciata umeongea naye?"

"Tunapakana shamba. Sijamsalimia tangu nitoke."

"Na kwenye kesi ya kwanza hakuletwa kutoa ushahidi?"

"Kila akisikia hati ya wito anakimbilia shambani," Wakili Laurence alijibu badala yake. "Safari hii wenzetu wa upande wa Lyamba wamemwandika shahidi wao, na bado wamemkosa mara mbili."

Scola alikuwa ameshavaa kofia ya pikipiki.

*

Julai mashamba ya Litapunga yamevunwa na vumbi halina adabu. Alifika kwa Bibi Annonciata saa tano na robo, koo limekauka, akamkuta uani anapepeta maharage pamoja na binti yake Ernestine, mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa nyumbani kwa mapumziko. Scola alimwamkia bibi, akajitambulisha, na alipofika kwenye neno "mahakama" bibi aliweka ungo chini, akasimama, akaanza kuelekea shambani.

"Bibi, mimi si polisi!"

"Unatembea kama porisi," bibi alisema bila kugeuka.

Ernestine alicheka hadi akajifuta macho. Ndiye aliyemrudisha mama yake, kwa maneno ya Kirundi yaliyotoka haraka, na bibi akaketi tena huku ameugeuzia mlango wa njia uso wake wote, tayari kwa lolote.

"Sitakuuliza uliona nini," Scola alisema. "Nataka unioneshe tu. Siku ile Mzee Lyamba alipokuja, wewe ulikuwa wapi?"

Bibi alionesha jiwe la kunolea majembe.

"Yeye?"

"Hapo umesimama wewe. Na fimbo."

"Alikuwa peke yake?"

"Peke yake."

"Alisema nini, nami nitakuwa Lyamba. 'Bibi, hujaona maksai wangu?'"

"Hapana," bibi alisema, akichangamka kidogo. "Hakusema wake. Arisema, 'Bibi, huku nani ana maksai?' Na mimi nikajibu: 'Riberati. Maksai mbiri. Ejo.'"

Kalamu ya Scola ilisimama. "Nini?"

"Ejo."

"Ejo ndiyo nini?"

"Kesho," Ernestine alisema. "Libérat alikuwa amemwambia mama kwamba kesho yake, Ijumaa, anakuja kulima na maksai wa kukodi, kwa hiyo afunge mbuzi wake wasikae njiani."

Hapo Scola alifurahi, na hakuficha. Alipiga goti lake kofi moja kubwa. Bibi alisema kesho, Lyamba akapeleka jana, na karatasi yote ile ya polisi imesimama juu ya neno ambalo halikusemwa. Aliandika upesi, akaomba bibi arudie, akaandika tena, akaweka saa na mahali. Alikuwa anatoa kidau cha wino ili bibi aweke dole gumba, Ernestine akamshika mkono.

"Dada, samahani. Kuna kitu sijamalizia. Ejo ni kesho." Alisita. "Na ejo ni jana."

"Na jana nini?"

"Neno ni moja. Kesho tunasema ejo, na jana tunasema ejo."

Scola aliwatazama wote wawili, akitafuta kama anataniwa. "Sasa mnaelewanaje?"

"Kitenzi ndicho kinatwambia. Ukisema nilikwenda ejo, imepita. Ukisema nitakwenda ejo, inakuja."

"Bibi, wewe ulisema kitenzi gani?"

Bibi Annonciata aliangalia maharage yake. "Niriogopa fimbo," alisema. "Kiswahiri kirinikimbia. Nirisema hivyo tu. Riberati, maksai mbiri, ejo."

Hakuna kitenzi. Scola alifunga kidau.

Alitoka nje ya ua, akampigia wakili simu, akamweleza.

"Scola," Wakili Laurence alisema, "umeona ulichokipata? Hilo linaitwa kosa la kweli. Mzee wa Kisukuma kaambiwa neno la Kirundi lenye maana mbili, kashika moja. Kosa la kweli ni sababu kama sababu nyingine. Wakili wao akilisikia hili atatununulia soda wote wawili."

"Basi tusimlete bibi."

"Wao wamemwandika. Wakimpata watamleta. Na akija, nawe umeshamsikia, siwezi kukaa kimya kana kwamba hakuna."

Scola alikata simu na kuizunguka pikipiki yake mara mbili, kisha mara ya tatu. Alikuwa amekasirika. Alitoka Mpanda kumtafutia Libérat shahidi, akamwokotea Lyamba utetezi ambao Lyamba mwenyewe alikuwa hajaufikiria. Ng'ambo ya ua aliliona paa la Libérat na mlango wa jiko ukiwa wazi. Alipiga teke gurudumu la mbele, likamuumiza yeye.

Alipokuwa anasugua kidole cha mguu ndipo lilipomjia. Ejo mbili zilikuwa za Bibi Annonciata na Ernestine, watu waliozaliwa nazo. Mgeni wa lugha hana mbili. Mgeni ana ile moja aliyojifunzia. Yeye mwenyewe alikaa Kigoma mwaka mzima na neno pekee la Kiha alilotoka nalo lilikuwa la kuombea chumvi.

Akarudi ndani. "Mwalimu, Mzee Lyamba ameishi na nyie miaka mingapi?"

"Tangu mimi nipo darasa la tatu. Ishirini na kitu."

"Kirundi anajua?"

"Kirundi?" Ernestine alicheka tena. "Yule? Hata salamu anatuachia sisi tuanze."

"Vibarua wake ni kina nani?"

"Ni sisi. Wote. Nani mwingine anavuna mpunga huku?"

*

Mzee Lyamba hakuwa mtu wa kutafutwa. Boma lake lilionekana kutoka barabarani, na sauti yake ilisikika kabla ya boma. Scola alifika saa kumi kasoro. Vibarua wapatao kumi na wawili walikuwa wamemaliza kupiga mpunga, wanakung'uta nguo makapi na kufunga vitu vyao kwenye baiskeli. Mzee alikuwa amesimama katikati yao, mrefu, na kofia ya pama.

"Ejo!" alikuwa anawaambia, mkono juu. "Saa kumi na mbili, jamani, siyo saa moja! Ejo, ejo!"

"Ejo, boss," waliitikia, wakaanza kuondoka.

Scola alisubiri hadi wa mwisho apite. Kisha alisogea, akapiga goti kidogo.

"Mwadila, baba."

Mzee alifurahi kusikia salamu ya kwao. "Mwadila. Binti wa nani wewe?"

"Naitwa Scola Nyanzala. Nafanya kazi kwa Wakili Laurence, upande wa Libérat. Nimeona nikwambie kabla hujanikaribisha. Ukitaka niondoke, naondoka."

Furaha ilipungua, ila heshima ilibaki. Aliagiza maziwa mgando, akaonesha kigoda. Scola alipokea kikombe na kubaki wima.

"Nyanzala," mzee alisema. "Wewe ni mtoto wetu kabisa. Unawatumikia hao?"

"Namtumikia wakili, baba. Swali langu ni dogo tu. Bibi Annonciata alikwambia kwa lugha gani?"

"Kiswahili."

"Kiswahili chake kinafika hapo? 'Jana nilimwona Libérat'?"

"Siku ile kilifika."

"Hakuchanganya na Kirundi?"

"Hata angechanganya ningejuaje? Lugha yao sijui hata neno moja."

Scola alikunywa maziwa. Yalikuwa mazuri, naye alikuwa na kiu, kwa hiyo aliyamaliza kabla ya kuendelea.

"Nimekusikia ukiwaaga."

"Nani?"

"Vibarua. Umewaambia ejo."

"Aa!" Mzee alipunga mkono. "Hilo neno la kazi tu."

"Lina maana gani?"

"Kesho. Waje kesho."

"Na jana wanasemaje?"

"Nitajuaje? Mimi sijawahi kumwita mtu aje jana."

Alicheka mwenyewe kwa jibu lake, kicheko kizuri cha mtu aliyezoea kuchekewa, halafu kikaishia katikati. Akamtazama Scola. Scola alikuwa anaweka kikombe chini taratibu sana.

"Ahsante kwa maziwa, baba."

"Subiri. Unaandika nini?"

"Sijaandika kitu."

"Mimi na wewe hatujaongea. Ukitaka maneno, nenda kwa wakili wangu."

"Ndiyo, baba. Ni haki yako."

Aliondoka huku akijua ana nini na hana nini. Alijua sasa, kwa uhakika wa kuweza kuapa, kwamba kwa Mzee Lyamba ejo ilikuwa moja tu, ile ya kesho. Alipoisikia kwa Bibi Annonciata alisikia kesho. Hakukosea. Alitoka pale akaibadilisha mwenyewe, njiani au kituoni, kwa sababu kesho isingemfunga mtu. Lakini ushahidi wa hayo yote ulikuwa kicheko kimoja mbele ya mtu anayelipwa na upande wa pili, na Jumatano mzee angesimama mahakamani akasema hajawahi kumwona. Alihitaji kitu ambacho mzee hataweza kukikana.

Akawasha pikipiki na kuwafuata vibarua.

*

Nyapara wao aliitwa Gratien. Scola alimpata kwenye mashine ya kukoboa, ameegemeza baiskeli, anasubiri zamu. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo. Mashine ilikuwa inanguruma, kwa hiyo walizunguka nyuma yake penye lundo la pumba.

"Mzee Lyamba anakupataje akitaka watu?"

"Kwa simu."

"Anapiga?"

"Kupiga anasema namkatisha. Anatuma sauti, WhatsApp. Mimi nasikiliza, natafuta watu."

"Nisikilizishe moja."

Gratien hakuona ubaya. Alitoa simu yenye kioo kilichopasuka pembe mbili, akabonyeza. Sauti ya Mzee Lyamba ilitoka: *Gratien, ejo watu kumi na mbili, waje na magunia.* Akabonyeza nyingine. *Gratien, ejo hakuna kazi, nina msiba Kibaoni.* Nyingine, na nyingine. Ejo zote zilikuwa za kesho.

"Za zamani unazo?"

"Ninazo. Simu ni hiihii tangu nianze naye."

"Rudi nyuma. Msimu ule maksai wake walipopotea."

Kidole cha Gratien kiliacha kioo. Aliirudisha simu mfukoni, na alipojibu alikuwa anaangalia pumba.

"Hizo hazipo. Ile ya Alhamisi nilishafuta."

Scola aliacha mashine ingurume kidogo.

"Gratien. Mimi sijasema Alhamisi."

Debe lililokuwa mbele ya la Gratien lilikwisha, mwenye mashine akaita jina lake, naye hakusogea. Akaita tena, kisha akaweka la mtu mwingine.

"Vibarua kumi na wawili, dada," Gratien alisema mwishowe. "Siyo mimi peke yangu. Msimu mzima wanakula kwa yule mzee. Nikimgusa, ataleta watu kutoka huko kwingine, na sisi?"

"Nimekuelewa. Umeifuta?"

"Nilitaka kuifuta mara nyingi."

"Umeifuta?"

"Kidole kilikataa."

Alitoa simu. Ilimchukua muda mrefu kurudi hadi Novemba 2022, akisukuma kioo juu, kinakwama kwenye ufa, anasukuma tena, na Scola alijikuta amebana meno kwa kila mkwamo. Kisha ikatokea. Tarehe 17, saa nne na dakika kumi na nne asubuhi. Gratien aliibonyeza, akaishika simu mbali na mwili wake.

*Gratien. Nimetoka kwa yule bibi Annonciata. Ananiambia Libérat ana maksai wawili ejo. Huyo kesho analima na maksai wa nani? Yeye maksai kawatoa wapi? Nijibu upesi.*

Chini yake lilikuwepo jibu, saa nne na dakika kumi na tisa. Sauti ilikuwa ya Gratien, changa kidogo, yenye heshima zote: *Shikamoo boss. Hao ni wa mzee Kasimu. Amewakodi, wanaanza kesho Ijumaa kule mbugani.* Alama ya kipaza sauti pembeni ilikuwa ya bluu. Mzee alikuwa ameisikiliza.

Scola alifungua jalada la kesi alilokuja nalo. Nakala ya kitabu cha taarifa cha kituo ilionesha kwamba Mzee Lyamba alifika kulalamika saa sita na dakika ishirini mchana. Kwa saa mbili nzima alijua kwamba ejo ni kesho, alijua maksai ni wa Kasimu, akatembea hadi polisi akaweka neno jana. Sababu ya msingi aliiua kwa kinywa chake mwenyewe, na simu iliyopasuka ikaitunza. Scola aliyetoka kwa wakili asubuhi angeruka. Huyu wa saa kumi na moja aligundua kwamba hasira zake zimehama. Zilikuwa zimemtoka Lyamba zikamrukia mtu huyu mpole aliyesimama mbele yake na debe la mpunga.

"Usimtumie mtu," alisema, kwa sauti kavu ya kazi. "Usiifute, usiihamishe, usibadilishe laini. Simu yenyewe ndiyo ushahidi, na wewe mwenye simu ndiye utakayeapa kwamba ni yako na hukuichezea. Jumatano saa mbili na nusu uwe mahakamani."

"Hawawezi kuisikiliza bila mimi?"

"Hawawezi."

"Wataniuliza kwa nini nilinyamaza."

"Wakili wao ataanza na hilo."

Gratien alipangusa kioo cha simu kwenye shati. "Libérat asijue hadi siku hiyo. Nakuomba, dada."

"Atakuwa amekaa hatua tatu kutoka kwako. Unataka aisikilizie hapo, mbele za watu?" Scola alivaa kofia. "Ni mteja wetu, lazima nimwambie leo. Chagua: nimwambie mimi, au umwambie wewe."

Gratien aliuacha mpunga wake kwenye foleni.

*

Libérat alikuwa amesharudi kutoka mjini. Walimkuta nje anachonga mpini wa jembe. Alipomwona Gratien alitabasamu, akamwita ndugu, akaenda mwenyewe kumletea kiti. Scola alikataa cha kwake.

Gratien hakukaa pia. Alieleza kwa Kirundi, na Scola hakuelewa zaidi ya majina: Lyamba, Annonciata, Kasimu, na lile neno lao, ejo, mara tatu au nne. Halafu akacheza sauti. Ya kwanza, kisha ya pili.

"Rudia," Libérat alisema kwa Kiswahili, labda ili Scola asikie.

Alirudia. Libérat aliinamisha kichwa akisikiliza, mpini bado mkononi. Iliposema *amewakodi, wanaanza kesho Ijumaa*, aliinua macho, akaangalia ng'ambo ya ua kwa Bibi Annonciata, akakaa akiangalia huko. Aliona aibu, na ilionekana waziwazi usoni.

"Yule mama hakunifanya kitu," alisema. "Mwaka na nusu nampita njiani kama kisiki."

Kisha akamgeukia mwenzake.

"Gratien. Kila mwezi ulikuwa unakuja kuniona mahabusu."

"Nilikuwa nakuja."

"Uliniletea sabuni. Uliniletea sukari. Mwezi wa Pasaka ulilia."

"Nililia kweli, ndugu yangu."

"Siku hizo zote ulikuwa na simu hii?"

"Ilikuwepo," alisema. "Simu tulikuwa tunaacha getini."

Libérat aliweka mpini chini. Scola alisogea hatua moja, kwa mazoea ya askari, lakini hapakuwa na haja. Libérat alisimama mbele ya Gratien, karibu kabisa, akamtazama muda mrefu.

"Jumatano njoo nayo," alisema. "Usiiache getini."